Utepe wa Choo cha Mbwa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani. Si kwamba hatuna ramani. Tunayo, kubwa, ya rangi, imechorwa na wataalamu wetu wenyewe na kutundikwa kwenye ukuta wa Ikulu. Ila haijazinduliwa. Imefunikwa kitambaa cha zambarau inamsubiri mgeni rasmi, na mpaka mgeni rasmi afike avute kamba, hairuhusiwi mtu yeyote kujua tuko wapi. Majirani zetu wanajua, lakini hao hawana utaratibu.

Mimi ni Mshereheshaji wa Taifa, Daraja la Pili. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwachangamsha wananchi katika ule muda ulio kati ya saa iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko na saa anayofika mgeni rasmi. Nimesikia kwamba kwa wenzetu muda huo ni dakika chache. Hapa kwetu nimewahi kuanza sherehe na vijana wawili wasiojuana wamekaa viti jirani, na alipofika mgeni rasmi wakampa mtoto wao ampakate. Naipenda serikali yangu kwa moyo wote, na chochote mtakachosikia hapa nakisema kwa mapenzi.

Kwetu kitu hakitumiki mpaka kifunguliwe, na hakifunguliwi mpaka afike mgeni rasmi akate utepe. Ndiyo mila yetu na tunajivunia. Tuna daraja zuri juu ya Mto Kware, limekamilika, lina utepe huku na utepe kule, na wananchi wanavuka mtoni chini yake wakiwa wamejitwisha viatu, wakilisifia. Mtaani kwetu tuna zahanati ya wazazi yenye vitanda vipya ambavyo nailoni zake hazijatolewa. Imesubiri muda mrefu hata utepe wake mwekundu umepauka ukawa kama wa harusi. Mbuzi hulala mlangoni. Kina mama wanaojifungua huipita, wakaenda barazani kwa Bi Nyamizi, mkunga mstaafu, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri na anafanya kazi kwa kupapasa.

Huyo Bi Nyamizi ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Anasema nilitoka nikipiga kelele hata kabla sijaulizwa, kwa hiyo hakushangaa nilipopata kazi hii.

*

Mambo ya mbwa yalianzia kwenye kiatu. Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa akitembea katika Bustani ya Utulivu kwa ajili ya magoti yake, akakanyaga. Sisemi alikanyaga nini. Redio ya Taifa nayo haikusema. Ilitangaza tu kwamba "kiatu cha kushoto cha Mtukufu kimekutana na changamoto", kisha ikapiga muziki wa taratibu hadi jioni. Wilaya zote zilituma salamu za pole kwa kiatu cha kushoto. Wilaya moja ilikosea ikatuma kwa kiatu cha kulia, na mkuu wake akahamishiwa kisiwani.

Kabla ya magharibi tulikuwa na Wizara ya Mbwa, Maeneo ya Wazi na Usalama wa Nyayo. Akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Dakta Balozi Fulgensi Mapute, ambaye hadi mchana ule alikuwa Waziri wa Mvua. Mheshimiwa Mapute hakupoteza muda. Aliteua ujumbe mzito, na ujumbe ukasafiri ng'ambo, pamoja na wake zao, kujifunza jinsi mbwa wa nchi zilizoendelea wanavyojisaidia. Walirudi wamevaa makoti ya manyoya, wamenenepa, wakatoa taarifa kwamba mbwa wa kule huinua mguu mmoja na kubaki na mitatu. Mheshimiwa akasema, "Kumbe hatuko nyuma sana."

Zikatungwa kanuni. Mbwa katika bustani na maeneo ya wazi atembee akiwa amefungwa kamba, afuate upande wa kushoto, asibweke wimbo wa taifa ukipigwa wala dakika tano kabla, maana hatuwezi kujua utapigwa lini. Avae kifunika mdomo. Kinyesi kiokotwe na mwenye mbwa, kifungwe vizuri na kuonyeshwa kwa afisa wa zamu, ambaye atakitazama na kusema "asante kwa ushirikiano". Na kubwa kuliko yote: ni marufuku kwa kiumbe yeyote mwenye uhai kukojoa mahali pa wazi, isipokuwa ndani ya Eneo Maalumu la Haja. Waliandika "kiumbe yeyote mwenye uhai" kwa sababu walitaka wawabane na paka, na hakuna aliyeiwaza sentensi hiyo zaidi ya hapo. Mahali pa wazi pakaelezwa kuwa ni popote ambapo kiumbe akiinua uso anaona mbingu. Mbwa atakayekiuka atachukuliwa na Serikali moja kwa moja.

Hatukuuliza wanapelekwa wapi. Mbwa wa fundi viatu alichukuliwa Jumatatu, na Ijumaa tukauona ukanda wake shingoni mwa beberu wa Koplo Shomvi, mlinzi wa bustani.

Eneo Maalumu lenyewe lilijengwa upesi na kwa ustadi, pembeni ya bustani. Lilikuwa na ukuta wa matofali ya kuchoma, nyasi laini, na katikati nguzo iliyoagizwa ng'ambo, ya kuinulia mguu. Mlangoni wakaweka jiwe la uzinduzi lenye jina la Mtukufu kwa maandishi ya dhahabu, likafunikwa kitambaa. Kisha, kama mlivyokwisha kukisia, wakafunga utepe.

Kwa hiyo kanuni zilikuwa zimeanza kazi, na choo kilikuwa hakijaanza.

*

Asubuhi moja nilimkuta Bi Nyamizi amesimama nje ya ukuta ule, ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo Kibogoyo.

Kibogoyo ni mbwa mzee wa rangi ya majivu ambaye hana jino hata moja. Anakula ugali uliolowekwa kwenye maziwa. Hata hivyo alikuwa amevaa kifunika mdomo, kwa sababu Koplo Shomvi alimfungua kinywa, akatazama ufizi mtupu, akatikisa kichwa na kusema, "Kanuni haijasema meno, Bibi. Imesema mdomo."

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe unayekaa na wakubwa, hebu niambie. Hiki choo chao kinafunguliwa lini?"

"Kinamsubiri mgeni rasmi, Bibi."

"Na huyu amsubiri nani?" Akanionyesha Kibogoyo kwa kidevu. Kibogoyo alikuwa ameikunja miguu ya nyuma, anatazama mbali.

Nikamshauri amwache ajisaidie ndani ya nyumba, maana ndani hakuna mbingu. Bi Nyamizi akacheka kidogo bila furaha. Marehemu mume wake, mlinzi wa ghala, ndiye aliyemlea Kibogoyo tangu akiwa hajafungua macho, na alimfundisha kwamba ndani ya nyumba hakukojolewi. Marehemu alizikwa, lakini amri yake Kibogoyo bado anaishika. Majirani walijaribu kumfungia chumbani usiku kucha. Alikaa hadi asubuhi akilia machozi, sakafu ikabaki kavu.

"Wakimchukua huyu," Bi Nyamizi akasema, "mle ndani nitaongea na nani? Na masufuria? Huyu nikimtaja mume wangu anatikisa mkia. Masufuria yana mkia?"

Nilimwonea huruma, nawaambia kweli. Nikasahau kwa muda kwamba mimi ni wa Daraja la Pili.

Lakini Bi Nyamizi si mtu wa kukaa akalia. Siku iliyofuata alitoka na mwavuli mkubwa mweusi wa marehemu. Alipofika bustanini akaufungua juu ya Kibogoyo, akamwambia, "Haya, baba." Kibogoyo akainua uso, hakuona mbingu, akainua na mguu. Koplo Shomvi alikuja mbio na wavu wake. Bi Nyamizi akamwuliza, "Unaona mbingu hapo alipo?" Koplo akainama, akaingiza kichwa chini ya mwavuli, akatazama juu kwa makini. Hakuiona. Akatoka pale amechanganyikiwa kabisa, na suruali imelowa mguu mmoja.

Baada ya hapo mji wetu ulipendeza jamani! Jua kali, hakuna wingu, na barabara zote zimejaa watu wameinama na miavuli, kila mwavuli una mbwa chini yake ametulia kama mwali. Wahindi wa dukani wakaishiwa miavuli, watu wakashika mikeka, makarai, hata mlango wa kabati.

Mheshimiwa Mapute akahutubia taifa akiwa amekunja uso. "Ndugu wananchi," alisema, "mbwa ni mdau. Hatuwezi kuzungumzia maendeleo endelevu bila kuzungumzia mkojo shirikishi. Lakini wapo wachache wanaotumia miavuli kurudisha nyuma juhudi zetu. Napenda kuweka wazi msimamo wa Serikali. Mwavuli si paa. Mwavuli ni kofia yenye mpini."

Miavuli ikapigwa marufuku siku ile ile, na jioni mvua ikanyesha. Waziri mpya wa Mvua alipongezwa kwa kuanza vizuri.

*

Hatimaye tukatangaziwa siku ya ufunguzi. Mgeni rasmi angekuwa Mtukufu mwenyewe, saa tatu kamili asubuhi. Mbwa wote wa mji walitakiwa kuhudhuria, wameoga. Asiyemleta wake atahesabiwa kuwa ana jambo.

Saa kumi na mbili bustani ilikuwa imejaa. Wakubwa walikaa chini ya turubai, kwenye viti vyenye vitambaa. Mbwa walikaa juani, kwenye mistari iliyochorwa kwa chokaa. Nikashika kipaza sauti nikaanza kazi. Niliwasalimia watu, nikawasalimia mbwa, nikawataka watu wapige makofi ya kilo, kisha mbwa watikise mikia ya kilo.

Ukarimu nao ulizingatiwa. Kwetu mgeni hakai bila kunywa, kwa hiyo wahudumu wakapita na juisi ya ukwaju, bilauri kwa watu, makarai kwa mbwa. Kukataa juisi ya Serikali ni utovu wa adabu. Mheshimiwa Mapute alikunywa bilauri tatu mfululizo mbele ya kamera ili kuonyesha mfano, na walio chini yake wakafuata mfano. Bi Nyamizi alijaribu kumvuta Kibogoyo, lakini mzee yule alikuwa anapenda vitu vichachu tangu ujana wake, akapenyeza ulimi chini ya kifunika mdomo, akalamba karai mpaka likang'aa.

Koplo Shomvi akaja kusimama nyuma ya Kibogoyo. Macho yake hayakubanduka kwenye mguu wa nyuma.

"Akiinua tu, Bibi, ni wangu," akasema.

"Shomvi," Bi Nyamizi akamjibu, "hata wewe nilikupokea kwa mikono hii. Ningejua, ningekurudisha."

Saa tatu ikafika, ikapita. Saa nne. Saa tano ikaja habari kwamba Mtukufu amepatwa na majukumu, atawakilishwa na Makamu wake. Tukapiga makofi. Saa sita Makamu naye akapatwa, na angewakilishwa na Mheshimiwa Mapute, ambaye tayari alikuwa pale. Tukapiga makofi zaidi.

Hapa lazima niwaeleze mila yetu ya uwakilishi, maana ni ya kipekee. Anayemwakilisha mgeni rasmi ndiye mgeni rasmi. Akila, aliyemtuma amekula. Akikata utepe, aliyemtuma amekata. Lakini kabla ya mkasi ni lazima asome hotuba yote ya aliyemtuma, tangu neno la kwanza. Na akishindwa njiani, anayempokea haendelei pale alipoishia mwenzake. Anaanza upya, kwa heshima.

Hotuba ya Mtukufu ilikuwa nene kama tofali. Mheshimiwa Mapute akaipokea kwa mikono miwili, akasimama, na nikaona anasimama kwa shida kidogo.

"Ndugu wananchi," akasoma, "itifaki yote imezingatiwa." Akasoma historia ya bustani. Akasoma historia ya miguu. Akafungua ukurasa mwingine, akaanza: "Nchi yetu imejaaliwa maporomoko ya maji. Maji hayo hutiririka, yakatiririka, yakachuruzika juu ya mawe, shwaa, shwaa, usiku na mchana, bila kuzuiliwa na yeyote..."

Akanyamaza. Jasho likamtoka. Akaunganisha magoti.

Nami ningependa niseme hapa kwamba bustani ile ina vyoo vya binadamu. Vipo, vya marumaru, vina maji ya moto. Vina utepe. Na nyuma ya kila kichaka siku ile palikuwa na askari mwenye filimbi, kwa sababu kanuni ilisema kiumbe yeyote mwenye uhai, na Mheshimiwa Mapute ndiye aliyeitia saini.

"Nimepata dharura ya kitaifa," akasema haraka. "Nitawakilishwa na Katibu Mkuu." Akaondoka kwa hatua fupi fupi hadi kwenye gari, na gari likatoka bustanini likipiga king'ora.

Katibu Mkuu akainuka. Yeye naye alikuwa amefuata mfano wa bilauri tatu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kupendeza, mpaka alipofika kwenye maporomoko. Katika "shwaa" ya kwanza akauma mdomo. Katika ya pili akamteua Mkurugenzi. Mkurugenzi alijaribu ujanja wa kusoma ukurasa ule huku amefumba macho, lakini maneno alikuwa keshayasikia mara mbili na yalikuwa yamemwingia. Akamteua Afisa Bustani. Afisa Bustani aliyaona maporomoko yanakuja tangu ukurasa wa historia, akaanza kulia mapema.

Turubai likabaki na viti. Magari yalikuwa yametoka moja baada ya jingine, kila moja na dharura yake ya kitaifa, hata wananchi wakaanza kuamini kwamba tumevamiwa. Hotuba na mkasi vikawa mikononi mwa Koplo Shomvi.

Koplo alikuwa hajawahi kuwa mgeni rasmi. Alivimba kwa furaha, akaegemeza wavu wake kwenye kiti, akasoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata maneno. Tulikaa kwenye maporomoko kwa muda mrefu sana. "Ma-ji... ha-yo... hu-ti-ri..." Wananchi juani wakaanza kuguna. Mbwa wakaanza kulia kwa sauti moja nyembamba. Kibogoyo alikuwa anatetemeka mwili mzima, mguu wa nyuma ukiinuka kidogo na kushuka, ukiinuka na kushuka, na Bi Nyamizi amepiga magoti kando yake, amemshika kichwa, anamnong'oneza, "Vumilia baba, vumilia, wasije wakakuchukua." Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikashindwa kuchagua, nikabaki na kipaza sauti mdomoni.

Koplo akafika kwenye "shwaa". Kalamu ya Mtukufu haina mchezo. Koplo akasuka miguu kama mkeka. Akageuza shingo kumtafuta aliye chini yake. Hakuna. Kwa Koplo ndipo Serikali inapoishia. Akanitazama mimi.

"Siwezi," nikamwambia. "Mshereheshaji hawezi kuwa mgeni rasmi. Nani atamkaribisha?"

Akaangaza tena, macho yamemtoka, na mbele yake akamwona mwananchi.

"Bibi! Kwa mamlaka niliyopewa na aliyepewa na aliyepewa na aliyepewa, shika!" Akamtupia Bi Nyamizi mkasi na hotuba, akakimbia kuelekea kwake bila kofia.

*

Bi Nyamizi akainuka taratibu. Katika mkono mmoja alikuwa na mkasi, katika mwingine tofali la hotuba, na kamba ya Kibogoyo ameining'iniza kwenye kiwiko. Alileta karatasi karibu na pua, akaziondoa.

"Mwanangu, macho yangu hayasomi," akaniambia. "Na ukwaju nimekunywa na mimi. Hivi, mgeni rasmi anaruhusiwa kuwakilishwa?"

"Anaruhusiwa, Bibi. Ndiyo mila yetu."

"Na hotuba? Lazima isomwe kwa maneno?"

Nikafikiri. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona kanuni inayotaja maneno. "Isomwe tu, Bibi. Kila mmoja kwa uwezo wake."

"Basi nawakilishwa na Kibogoyo."

Akamvua kile kifunika mdomo, akamwekea hotuba puani. Kibogoyo akainusa kwa heshima, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na alipita kwenye maporomoko bila kutetereka, jambo ambalo Waziri mzima lilimshinda. Kisha Bi Nyamizi akaifungua kamba.

Kibogoyo hakukimbia. Alitembea kama mtu mzima anayekwenda kupokea nishani, upande wa kushoto. Hakuwa na meno ya kukatia utepe, akausukuma kwa kifua, na kwa kuwa ulikuwa wa zabuni ya Serikali, ukakatika. Akaingia. Akaitazama ile nguzo ya ng'ambo, akainusa, akaidharau. Akarudi mlangoni, kwenye jiwe la uzinduzi lenye jina la Mtukufu, akavuta kitambaa kwa ufizi kikaanguka. Akainua mguu.

Tulisubiri. Nimeshuhudia hotuba ndefu katika nchi hii, lakini ile ilizipita zote, na hakuna aliyesinzia.

Alipomaliza, mkia ukatikisika mara moja. Mdomo wangu ukafanya kazi yake wenyewe: "Mabibi na mabwana, Eneo limefunguliwa rasmiii!"

Hapo ndipo mbwa wote wa mji walipoingia.

*

Koplo Shomvi alirudi wa kwanza, mwepesi, amechangamka. Aliona jiwe limelowa, akauona na mdomo wa Kibogoyo hauna kifunika. Akachukua wavu. "Amekojolea jina la Mtukufu! Nilisema huyu ni wangu!"

Bi Nyamizi akamkumbatia mbwa wake shingoni kwa mikono yote miwili. "Utatuchukua wote wawili," akasema.

Mheshimiwa Mapute naye akawa anashuka kwenye gari, amevaa suruali nyingine. "Nini kinaendelea hapa?"

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikamweleza, na kwa bahati mbaya kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, bustani nzima ikasikia. "Mheshimiwa, ufunguzi umekwenda salama. Kibogoyo amemwakilisha Bi Nyamizi, aliyemwakilisha Koplo, aliyemwakilisha Afisa Bustani, aliyemwakilisha Mkurugenzi, aliyemwakilisha Katibu Mkuu, aliyekuwakilisha wewe, uliyemwakilisha Makamu, aliyemwakilisha Mtukufu. Na kwa mila yetu, alichofanya mwakilishi amekifanya aliyemtuma. Sasa Koplo anataka kumkamata aliyekojoa. Nami nauliza tu ili niweze kutangaza: anamkamata nani?"

Mheshimiwa Mapute alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho wa hesabu rangi ilimtoka usoni. Akamgeukia Koplo, akampokonya wavu, akauweka chini taratibu. Kisha akaanza kupiga makofi. Ikabidi wote tupige.

Jioni Redio ya Taifa ikatangaza kwamba Mtukufu amefungua Eneo Maalumu la Haja kwa vitendo, na kwamba wananchi waliguswa. Inasemekana Mtukufu mwenyewe alifurahi sana. Ilikuwa mara ya kwanza kitu chenye jina lake kuanza na kumalizika siku moja.

Bi Nyamizi alinifuata nikiwa nakunja nyaya.

"Mwanangu, huu uwakilishi wa Kibogoyo unaisha lini?"

Nikakuna kichwa. Kwa kawaida unaisha mwenye cheo akija kuuchukua. Lakini kuuchukua kutoka kwa Kibogoyo maana yake ni kusimama mbele ya watu na kutamka, "Mimi ndiye niliyekojoa." Hajajitokeza hata mmoja.

"Basi hauishi, Bibi."

Alimtazama mbwa wake, akatazama upande wa mtaani kwetu, akaanza kutabasamu.

Asubuhi yake nilikuta watu wamejaa mbele ya zahanati. Mbuzi walikuwa wamefukuzwa mlangoni. Mama mmoja kijana alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika kiuno, anahema kwa uchungu, na barazani kwa Bi Nyamizi mkeka ulikuwa umekunjwa na kuwekwa kando kabisa. Bi Nyamizi alikuwa na kamba mkononi. Koplo Shomvi, amevaa kofia yake, alikuwa anapanga watu mistari, na kila Kibogoyo alipopita mbele yake anapiga saluti.

"Umechelewa, mshereheshaji," Bi Nyamizi akaniambia. "Huyu mama hana muda wa hotuba. Changamsha watu."

Kibogoyo akausukuma ule utepe uliopauka, akachagua nguzo ya mlango, akainua mguu. Nikatangaza. Watu wakapiga vigelegele, mama yule akaingizwa ndani akishikwa huku na huku, nasi tukasikia nailoni za vitanda zikichanwa moja baada ya nyingine. Nililia pale pale, mbele ya watu, wala sikuona aibu.

Nilipojifuta macho nikamwona Bi Nyamizi amechutama ukutani, anamimina juisi ya ukwaju kwenye karai.

"Mpishe huyo anywe, Shomvi," alikuwa anasema. "Saa nane tuna daraja."